Pikapu ya kuvuta trela, yenye supachaja, imefungwa kamshafti ya mashindano! Halafu naambiwa nizoee

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza ili mtu ajisikie vizuri.

Gari ni pikapu, V8 ya lita 6.2 ya familia ya LS ya General Motors (GM), kamshafti moja (shafti yenye nundu zinazofungua vali) ndani ya bloku, na juu yake kuna supachaja ya aina ya Roots, yaani pampu inayozungushwa na injini ili kuisukumia hewa. Kazi yake ni kuvuta trela. Nilipoipeleka karakana kubadilishwa kamshafti niliwaeleza kwa mdomo, nikawaandikia pia: nataka nguvu ya kuvuta kuanzia mizunguko 1,800 hadi 4,500 kwa dakika, sishindani mbio na mtu, na mlio haunihusu. Wakaitikia, wakapokea hela yangu.

Nilichorudishiwa ni gari linalotetemeka kama mgonjwa wa homa kila linapowashwa. Ukisimama nyuma yake, harufu ya petroli mbichi kwenye ekzosi inakuchoma macho. Mlima ambao zamani lilipanda na trela bila kubadili gia, sasa linaukataa mpaka uteremshe gia na kuipeleka injini juu kabisa. Kubwa kuliko yote, pedali ya breki imekuwa ngumu nikiwa kwenye mwendo mdogo, kwa sababu kamshafti hii imeua vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) ambayo busta ya breki, kifaa kinacholainisha pedali, inaitegemea. Trela nyuma, breki ngumu mbele! Nilipolalamika, jibu lilikuwa kwamba injini ya nguvu ndivyo inavyokuwa, nitazoea.

Sitazoea. Nimeipeleka kwa fundi mwingine. Amefungua kava za vali, akafunga gurudumu la digrii kwenye krankshafti na geji kwenye pushirodi (fimbo inayosukuma vali ifunguke), akazungusha kwa mkono polepole huku mimi naandika namba. Vali ya inteki (ya kuingiza hewa) inakaa wazi digrii 236 za mzunguko wa krankshafti, ya ekzosi digrii 242, zikipimwa pale tapeti (kipande kinachoinuliwa na nundu ya kamshafti) inapokuwa imeinuka milimita 1.27. Pembe kati ya kilele cha nundu ya inteki na kilele cha nundu ya ekzosi ni 108.

Anayejua ameshashika kichwa. Kwa asiyejua, fanya hesabu hii mwenyewe: jumlisha 236 na 242, gawa kwa 2, unapata 239. Toa pembe mara mbili, yaani 216. Zinabaki digrii 23 za krankshafti ambapo vali ya inteki na ya ekzosi ziko wazi kwa pamoja.

Kwenye injini isiyo na supachaja, jambo hilo lina faida yake. Moshi unaotoka kwa kasi unaivuta hewa mpya iingie nyuma yake, hasa mizunguko ikiwa juu. Ndiyo maana magari ya mashindano hufungwa hivyo, na ndiko ule mlio wa kukatakata unakotoka. Lakini supachaja haisubiri hewa ivutwe, inaisukuma. Acha vali zote mbili wazi kwa muda mrefu, na hewa iliyobanwa inapita juu ya pistoni na kutokea ekzosi ikiwa imebeba petroli yake, haijachomwa. Injini inakula nguvu yake yenyewe kuzungusha supachaja kwa mkanda, halafu kile ilichokilipia kinamwagwa nje. Na mizunguko ikiwa chini ndipo muda wa kumwaga unakuwa mrefu zaidi, yaani palepale ninapovutia mzigo.

Sasa angalieni waliobuni injini kama hii walifanya nini. LS3, isiyo na supachaja, kamshafti yake ya kiwandani ni 204 kwa 211 (inteki kwa ekzosi) na pembe 117. GM walipotengeneza LS9 yenye supachaja kwa Corvette ZR1 ya 2009, nguvu farasi 638, walikwenda 211 kwa 230 na pembe 122.5. Pigeni hesabu ileile: inatoka hasi 24.5, yaani kwa kipimo kilekile vali moja inafungwa kabla nyingine haijafunguka. Pia ekzosi imeongezwa digrii 19 kuliko inteki, kwa sababu supachaja inasaidia hewa kuingia lakini hakuna kinachosaidia moshi mwingi zaidi kutoka. Hilo ni gari la michezo lenye farasi 638, na bado vali zake hazikuachwa wazi ovyo! Mimi wa trela nimepewa 108.

Sidai waninakilie LS9. Kitu cha 214 kwa 226 na pembe 116 kingenitosha na kubaki. (Mwenye supachaja ya sentrifuga, ambayo busti yake (shinikizo la hewa inayosukumwa) inapanda kadiri mizunguko inavyopanda, ana nafasi kidogo zaidi ya kucheza. Yangu si hiyo, na waliiona kwa macho yao.)

Utetezi wao wa kwanza: busti kushuka kwenye geji ni dalili kwamba injini sasa inapumua. Wameuchukua ukweli nusu. Geji ya busti inapima hewa iliyokosa pa kuingia, kwa hiyo hedi na kamshafti zikipitisha vizuri, sindano inashuka na nguvu inapanda. Kwangu sindano imeshuka na nguvu imeshuka nayo. Hewa ingekuwa inabaki ndani ya silinda, ningeihisi kwenye ndoano ya trela.

Utetezi wa pili: kompyuta bado inajifunza. Kujifunza nini? Hewa iliyopita bila kuungua inafika kwenye sensa ya oksijeni, sensa inasoma oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli ni kidogo na inaongeza. Inaongezea kosa juu ya kosa. Hiyo ndiyo harufu inayotuchoma macho, na katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) ndiyo itakayofuata kufa.

Halafu springi za vali. Hapa nilitetemeka mwenyewe. Ni zilezile za zamani! Kamshafti mpya inainua vali juu zaidi na kuifunga kwa kasi zaidi, lakini springi hawakugusa. Na kwenye injini yenye supachaja springi ina adui wa ziada: busti inakaa mgongoni mwa vali ya inteki ikiisukuma ifunguke. Vali yenye kipenyo cha milimita 55 ina eneo la karibu sentimita 24 za mraba. Kwa busti ya bar 0.6, hiyo ni karibu kilo 14 za msukumo zinazoipinga springi muda wote. Springi ikishindwa, vali inarukaruka kwenye kiti chake, na siku ikichelewa kurudi inakutana na pistoni.

Na hiyo pistoni, walipima nafasi yake na vali? Kazi yenyewe si ya ajabu. Unafunga springi laini za kupimia, unazungusha krankshafti kwa mkono hadi pistoni ifike karibu na kilele chake, unaisukuma vali kwa kidole mpaka iguse pistoni, unasoma geji. Kawaida mafundi hawashuki chini ya milimita 2 kwa inteki na 2.5 kwa ekzosi, kwa kuwa ekzosi inapata joto zaidi na pistoni inaifukuza kwa nyuma. Niliuliza namba zangu ni ngapi. Nikajibiwa kwamba kamshafti hizi huwa zinaingia bila shida. Yaani hawakupima. Wameikabidhi kwangu injini nikaendeshe na familia ndani bila kujua vali na pistoni zinapishana kwa kiasi gani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hii si bahati mbaya ya siku moja. Kamshafti ya mlio ndiyo inayouzika, kwa sababu mteja anaisikia gari ikiwa imesimama. Nguvu ya chini haisikiki karakana, inajulikana ukiwa na mzigo. Basi wanamfungia kila mtu sauti ileile bila kuuliza gari linafanya kazi gani, wala kama lina supachaja.

Gari limeegeshwa na halitawashwa mpaka springi zibadilishwe. Nimewaandikia nikidai vitu vitatu: kadi ya vipimo ya kamshafti waliyofunga, kamshafti yangu ya zamani irudi mikononi mwangu, na kazi irudiwe kwa gharama yao, na nafasi ya vali na pistoni ipimwe mbele yangu. Kadi hawajaitoa hadi sasa, wanasema ilipotea na boksi.

Mwenye LS yenye Roots au skrubu pacha (aina nyingine ya supachaja) inayovuta mzigo kweli, naomba uweke hapa vipimo vyako: inteki, ekzosi, pembe, aina ya springi, na busti unayoiona kwenye mizunguko 2,000. Nitavichapisha na kuviweka mezani kwao.