Dhahabu za Edinburgh 1986 zihesabiwe nusu?

Mtoa mada: Wadau, wapo wanaosema medali za Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, 1986, ziwekewe alama ya nyota kwenye kumbukumbu, yaani ya kuonyesha hazina uzito kamili, kwa kuwa nchi 32 kati ya 59 zilisusa. Tanzania na Kenya zilisusa pia, kupinga serikali ya Uingereza chini ya Thatcher iliyokataa kuibana Afrika Kusini ya makaburu. Mgomo ule naujivunia mpaka leo. Alama hiyo ndiyo naikataa, na mfano wangu ni Robert Weale wa Wales.

Weale alikuwa na miaka 23 alipotwaa dhahabu Edinburgh na wenzake watatu, katika mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi. Msiudharau. Tufe lenyewe limeundwa liegemee upande mmoja, kwa hiyo linapinda kadiri kasi inavyopungua, nawe unatakiwa ulisimamishe jirani kabisa na kipira cheupe kilicho zaidi ya mita ishirini mbele yako. Nyasi zikilowa linakwama njiani, zikikauka linapitiliza.

Riadha ya mwaka ule bila sisi ilipwaya, sibishi. Kwenye matufe, Australia, New Zealand, England na Scotland walikuwepo wote. Tena Weale hakuishia hapo: mwaka 2010 kule Delhi, akiwa na miaka 47, alimfunga Leif Selby wa Australia kwenye fainali ya mchezaji mmoja mmoja. Miaka 24 kati ya dhahabu na dhahabu! Mtu wa kubahatisha hafiki huko.

Mchangiaji: Kaka, umeisahau Zimbabwe. Wanawake wao walichukua dhahabu ya watatu watatu Brisbane 1982, kwenye matufe hayo hayo. 1986 hawakuonekana.

Mtoa mada: Hapo umenishika, kaka, nakubali. Upande wa wanawake pengo lilikuwepo, na liandikwe. Lakini liandikwe kwa maneno: mchezo gani, nani hakuja, na alisusia nini. Wanamichezo wetu walijiandaa miaka minne, wakabaki nyumbani kwa ajili ya watu wa Soweto. Ukiweka nyota tupu juu ya kila medali, umempunguzia Weale haki yake, na sababu ya wale waliobaki nyumbani hujaitaja hata kidogo. Wa ngumi na riadha, karibuni, hapo najua nitapata upinzani.