Vyuo vikuu vya umma Uganda: mnatuajiri tuuze utafiti, kisha hakuna anayethubutu kutia saini

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Niko ofisi ya uendelezaji biashara katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Uganda, jina silitaji kwa sababu bado nakula huko. Kwenye barua ya ajira kazi yangu ni kumshika mkono mtafiti mwenye wazo zuri, kumtafutia kampuni, kusimamia mkataba hadi wazo lifike sokoni. Kazi yangu halisi ni kusindikiza faili.

Sikilizeni hili la maembe. Tuna mhadhiri mmoja, mama mchapakazi, aliyetengeneza utando wa kupaka matunda ili yachelewe kuoza. Wanaoijua Teso, huko mashariki mwa Uganda, wanajua msimu wa maembe ulivyo: yanaiva yote kwa mkupuo, bei inaporomoka, mengine yanaozea chini ya mti. Kiwanda cha Soroti kilichozinduliwa 2019 ni cha juisi, hakimsaidii anayetaka kusafirisha embe zima. Kwa hiyo wazo lilikuwa na mteja hata kabla hatujalitangaza. Msafirishaji mmoja wa matunda akaja mwenyewe. Akasema atalipia majaribio kwenye ghala lake, apewe leseni ya peke yake kwa miaka michache, na atoe mrabaha kwenye kila kilo atakayouza. Ukifanya kazi kama yangu utajua ofa ya namna hiyo haiji mara mbili.

Nikaandaa rasimu, nikaipeleka idara ya sheria. Swali lao la kwanza: hii leseni si ni kuuza mali ya umma? Ikiwa ni mali ya umma, basi ifuate sheria ya PPDA ya 2003, ile ya manunuzi na uuzaji wa mali za umma, itangazwe gazetini, watu wapeleke zabuni. Yaani leseni ya utando wa maembe ishughulikiwe kama Land Cruiser chakavu iliyooza nyuma ya jengo la utawala. Nikaeleza kwamba hatuuzi, tunakodisha haki, umiliki unabaki chuoni. Faili likaenda kamati. Kamati ikataka thamani ya uvumbuzi ithibitishwe, na mjumbe mmoja, kwa uso mkavu kabisa, akapendekeza tumwandikie Mthamini Mkuu wa Serikali. Ssebo, yule anathamini viwanja na majengo! Teknolojia ambayo haijauza hata shilingi moja thamani yake inapatikana mezani kwa majadiliano, na ndiyo maana watu wanatumia mrabaha: ikiuza sana mnapata sana, isipouza hakuna aliyeibiwa. Likapelekwa kamati nyingine.

Wakati faili linazunguka, saa ya hataza (patent, haki ya kisheria ya mvumbuzi) haisimami. Tulikuwa tumewasilisha maombi URSB, ofisi ya serikali inayosajili hataza, mapema, kabla ya mama wa watu kuchapisha makala yake, na kwa hilo nashukuru. Lakini ukishaomba nyumbani una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine na bado uhesabiwe tarehe ile ya kwanza. Unaweza kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, au kupitia PCT, mfumo wa kimataifa wa maombi ya hataza unaokuongezea muda hadi mwezi wa 30 kabla ya kuingia nchi moja moja. Vyote vinalipiwa ada. Bajeti ya ada ofisini kwangu ni sifuri, na msafirishaji alikuwa tayari kuzilipa yeye baada ya kusaini. Miezi 12 ikaisha faili liko kwa katibu wa kamati, "linasubiri koramu". Makala ilikwisha kutoka, maana chuo chetu kinampandisha mtu cheo kwa makala, hataza haina uzito kwenye fomu. Matokeo yake, nje ya Uganda yeyote anaweza kusoma ile makala na kutengeneza utando huo bila kutulipa kitu. Msafirishaji alipoliona hilo akaondoka kwa adabu. Nasikia sasa ananunua bidhaa kama hiyo kutoka nje.

Na hata angesaini! Makusanyo ya vyuo vya umma yanapitia mfumo wa URA, mamlaka ya mapato, kwenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Sera yetu inasema mvumbuzi apate fungu lake la mrabaha. Nimemuuliza mhasibu fungu hilo litatoka kifungu gani cha bajeti, akacheka, akaniambia nisiharakishe matatizo.

Ila maonyesho tunaenda. Fulana zinachapishwa, banda linapambwa, mkubwa anapigwa picha akitia saini mkataba wa maelewano usiomfunga mtu kwa lolote. Mwisho wa mwaka ripoti inahesabu mikataba hiyo na wanaita mafanikio. Mkihoji mnatajiwa Kiira, lile gari la umeme. Ndiyo, Kiira EV ilitoka Makerere 2011, basi la Kayoola likafuata 2016, leo kuna kiwanda Jinja. Lakini semeni yote: serikali iliweka fedha mwaka baada ya mwaka na ikaunda kampuni maalumu. Mimi sijaomba kiwanda, naomba saini.

Kwa maoni yangu kinachowatisha ni lawama. Mliona Covidex 2021, ile dawa ya mitishamba ya Covid: NDA, mamlaka ya dawa, iliporuhusu itumike kama tiba saidizi, ubishi wa nani mwenye mali, chuo cha Mbarara au mvumbuzi, ukafika magazetini. Kila mkubwa akajifunza kwamba ukisaini unaweza kuitwa kujieleza, ila hakuna aliyewahi kuitwa kueleza kwa nini hakusaini. Wazo likifia kwenye kabati hakuna mkaguzi anayeliuliza.

Ninachodai ni kidogo: Baraza la Chuo lipitishe mkataba mmoja wa mfano, liweke mipaka ya mrabaha na miaka, kisha mkurugenzi aruhusiwe kusaini chochote kilicho ndani ya mipaka hiyo bila kamati. Kamati zibaki na yale makubwa.

Walioko Gulu, Kyambogo, Mbarara, na majirani wa Nairobi na Morogoro: kwenu nani anasaini leseni, na inachukua muda gani? Kama mna mkataba wa mfano uliokwisha kupita kwenye Baraza, futeni majina muuweke hapa, kesho asubuhi nauchapisha naupeleka. Na wale wa "acha kazi uanzishe kampuni yako", uzi wenu upo jukwaa la ujasiriamali, huku mtatupotezea muda.