Tupeane uzoefu: Tuliofiwa na mzazi msimu wa Krismasi, mlifarijiwa na nini?

Kifunguamimba: Ndugu katika Kristo, jana kanisani zilianza nyimbo za Noeli, nikajikuta nimetoka nje kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Baba alifariki tarehe 26 Desemba, huu ni mwaka wa tatu, na kila mapambo yanapoanza kutundikwa mimi huzihesabu upya siku za ugonjwa wake: ile aliyoacha kula, ile aliyoacha kusema. Naomba mliopitia haya mnieleze ni nini kiliwashika mkono.

Sauti ya Tatu: Pole sana. Mimi pia hutoka nje.

Mzee wa Kanisa: Poleni wanangu. Paulo anatuasa katika 1 Wathesalonike 4:13 tusihuzunike kama wasio na matumaini. Usikae peke yako. Jiunge na kwaya, hudumu, utaona mzigo unapungua.

Binti wa Pili: Mzee wangu, kwa heshima zote, Paulo hakukataza huzuni, alikataza huzuni isiyo na matumaini. Yesu alijua kwamba angemfufua Lazaro, na bado alilia. Yusufu naye alimwangukia baba yake usoni akamlilia, Wamisri wakaomboleza siku 70, kisha safarini kwenda kuzika akaomboleza siku 7 nyingine. Siku ya msiba wa mama niliambiwa kwamba Mungu amempenda zaidi, na neno hilo liliniuma kuliko jeneza.

Mzee wa Kanisa: Binti yangu, neno hilo nimewahi kulisema misibani. Nisamehe kwa niaba yao.

Kitindamimba: Nimeshindwa kunyamaza. Mama alilazwa wiki moja kabla ya Krismasi. Usiku wa mkesha nilikuwa kanisani, simu nimeizima sauti, kwa sababu nilipangiwa kusoma Luka sura ya pili. Alinipigia mara tatu. Nilipotoka, nikiwa bado na furaha ya kusoma vizuri, nikaziona simu zile, nikapiga, akapokea muuguzi. Aliniambia kwa upole kwamba mama alitaka kunisikia nikisoma, na kwamba amekwisha kutuacha.

Kwa miaka mitano sikuigusa sura ile. Nikimaliza ya kwanza niliruka hadi ya tatu. Mwaka jana katekista wetu, mama mtu mzima asiyejua habari hii, aliniomba nisome tena. Nikakataa, nikamweleza sababu. Hakunipa pole hata moja. Alifungua sura ileile akaweka kidole kwenye mstari wa 35, pale Simeoni anapomwambia Maria kwamba upanga utamwingia moyoni, ilhali mtoto angali mchanga. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba upanga ule umo ndani ya habari ya Krismasi. Nikaenda kaburini kwa mama, nikamsomea sura yote kwa sauti, mistari 52.

Sauti ya Tatu: Nimelia.

Msomaji Mpya: Unaamini alikusikia?

Mzee wa Kanisa: Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui neno lolote. Tusifundishane yasiyoandikwa.

Mama Mlezi: Sisi Wakatoliki huwaombea marehemu wetu, na tarehe 2 Novemba ni siku yao. Hatuamini kwamba kifo kimewakata na sisi.

Binti wa Pili: Nawasihi tuuache mjadala huo. Mwenzetu ametusimulia simu tatu ambazo hakuzipokea. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno, na hapo ndipo walipofanya vyema kuliko walipofungua vinywa.

Msomaji Mpya: Mimi naona siku yenyewe mtu asiende kanisani, asali nyumbani.

Sauti ya Tatu: Hapana, aende, ila akae karibu na mlango.

Mama Mlezi: Ndugu Kifunguamimba, kwetu tarehe 26 Desemba ni sikukuu ya Stefano. Siku moja tu baada ya hori, Kanisa linamkumbuka mtu aliyeuawa kwa mawe, na Matendo 8:2 inasema watu watauwa walimzika, wakamfanyia maombolezo makubwa. Kulia siku hiyo hakukutoi nje ya Krismasi.

Kifunguamimba: Sikujua kwamba siku ya baba ni siku ya Stefano. Nimeusoma mstari huo mara nne. Jumapili nitakaa karibu na mlango, nijaribu kufika ubeti wa pili.