Mjadala: Kamati ziache kuweka silabusi na picha kwenye tovuti za bure?

Mwana-Katuba

Naweka hoja. Hapa Lubumbashi kuna kamati za wanafunzi zinazopakia silabusi na picha za kolasio (sherehe ya kutunukiwa digrii) kwenye tovuti za bure, kisha zinatuma linki kwenye WhatsApp. Nasema desturi hiyo ikome. Bure ni ya anayepakia peke yake. Anayepakua analipa, kwa mega alizonunua.

Tazameni kurasa hizo zinavyofanya kazi. Unagusa mara ya kwanza, dirisha jingine linafunguka nyuma: tangazo la kubeti limeshahesabiwa kwa malipo ya tovuti. Unasubiri sekunde 60, na katika kusubiri huko matangazo yanabadilishwa, kila moja linahesabiwa upya. Halafu vinatokea vitufe viwili au vitatu vya kupakua, na kile kikubwa chenye rangi ni tangazo la APK, yaani programu ya Android isiyopitia Play Store. Kuna mtu analipwa kwa kila simu inayoisakinisha. Mwisho unaombwa ukubali arifa. Ukikubali, matangazo yataingia kwenye simu yako hata ukurasa ukiwa umefungwa, mpaka uende kwenye mipangilio ya kivinjari uyazime mwenyewe.

Fundi wa Ruashi

Ndugu, basi nani alipe seva? Tupige hesabu. Silabusi ya MB 100 ikipakuliwa na wanafunzi 400 ni GB 40. Kwa bei ya kawaida ya Amazon S3, huduma ya kukodi nafasi ya kuhifadhi faili, kuhifadhi GB moja ni kama dola 0.023 kwa mwezi, lakini kuitoa kwenda kwa msomaji ni kama dola 0.09. Kulitunza faili hilo mwezi mzima hakufiki robo ya senti. Kuligawa, kwa tovuti iliyokwisha kumaliza GB 100 za bure za mwezi, ni dola 3.60. Sasa tuchukulie tangazo linalipa dola moja kwa kutazamwa mara elfu, na kila mwanafunzi anaona matangazo matatu: ni dola 1.20. Kampuni kubwa hununua njia ya intaneti kwa jumla na gharama yao hushuka sana, lakini hata hivyo matangazo peke yake ni mapato membamba.

Ndiyo maana kuna kusubiri na spidi ya kubanwa. Vimewekwa kukuchosha ununue akaunti. Mashitaka ya Marekani dhidi ya Megaupload, tovuti ya kupakia faili iliyofungwa Januari 2012, yalitaja zaidi ya dola milioni 150 za wanaolipia akaunti na zaidi ya milioni 25 za matangazo. Dropbox, huduma nyingine ya kuhifadhi faili, ilipoingia soko la hisa mwaka 2018, ilitaja watumiaji zaidi ya milioni 500 waliojiandikisha, na wanaolipa milioni 11. Hao wachache wanabeba wengine wote. Mimi sioni dhuluma hapo: mwenye kadi ya benki huko Ulaya anamlipia mwanafunzi wa Ruashi.

Dada wa Kamalondo

Yaya Fundi, hesabu yako imesimama, ila umeruka mega. Spidi ikibanwa kwenye KB 100 kwa sekunde, MB 100 zinataka kama dakika 17. Mtandao ukikatika dakika ya 15, nyingi za tovuti hizi hazimruhusu asiyelipa kuendelea pale alipofikia. Anaanza sifuri, na MB 90 zimeshakatwa kwenye forfe yake (bando la mega). Kujinusuru kwa kununua akaunti ni shida vilevile, kwa sababu kwa kawaida wanataka Visa au Mastercard, na yeye ana M-Pesa au Airtel Money.

Kuna jambo jingine. Watangazaji hulipa kwa nchi. Mtazamaji wa Marekani au Ujerumani ana bei kubwa kuliko wa Kongo. Wa bei ya chini huachiwa matangazo ambayo wenye jina zuri hawayagusi: kubeti, programu za uongo za "kusafisha simu", ujumbe kwamba simu ina virusi. Hatari inamwangukia aliye na simu dhaifu zaidi.

Mzee wa Bel-Air

Watoto wangu, mmeshika matangazo, mimi nashika kupotea. Tovuti ya picha hupata pesa pale mtu anapofungua ukurasa wake. Ukichukua linki ya picha yenyewe ukaibandika kwenye tovuti ya chama chenu, picha inaonekana kwenu, tangazo halionekani popote, na gharama ya kuisafirisha inabaki kwao. Picha ya KB 500 ikitazamwa mara elfu ni MB 500, kila mara hasara tupu. Siku moja watafunga.

Photobucket, tovuti ya picha, ilifanya hivyo mwaka 2017: ilidai karibu dola 400 kwa mwaka kwa anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine, na picha za miaka mingi zikageuka vibao vya kudai malipo. Google Photos iliacha kuhifadhi bila kikomo Juni 2021. Imgur, tovuti nyingine ya picha, mwaka 2023 ilitangaza kufuta picha za zamani zisizotumika na zisizo na akaunti. Picha za kolasio hupakiwa mara nyingi bila akaunti yoyote, na hakuna anayebaki na nakala.

Fundi wa Ruashi

Hapo kwenye nakala nakubali, Mzee. Iwe kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Lakini hilo ni kosa la kamati, tovuti haikuahidi milele.

Mwana-Katuba

Nalo hili la kamati lisemwe wazi. Zipo tovuti zinazomlipa *anayepakia*: kiasi fulani kwa kila upakuaji elfu, kwa jedwali la nchi, au asilimia ya kila akaunti iliyonunuliwa kupitia linki yake. Megaupload nayo ilikuwa na mpango wa zawadi kwa wapakiaji. Kwa hiyo mtu wa kamati anaweza kula kwa wanafunzi wenzake bila wao kujua. Ishara zipo: faili moja la MB 100 limekatwa vipande vitano vya RAR (faili lililobanwa) bila sababu, maana kila kipande ni upakuaji, au linki imefupishwa na kifupisho chenye kusubiri kwake. Kamati ikikuta hivyo, imwulize aliyepakia jina la akaunti ni la nani na malipo yanaingia wapi.

Dada wa Kamalondo

Kwanza wapunguze faili, hapo ndipo mega nyingi zinapookolewa. Silabusi nyingi zimeskaniwa kwa rangi, dpi 300 (nukta kwa kila inchi). Maandishi ya kawaida yanasomeka vizuri kwa dpi 150, rangi ya kijivu: nukta zinabaki robo, na MB 100 hushuka mpaka 25 au chini yake. Hapo faili linapita kwa urahisi kwenye WhatsApp kama dokumenti, bila tovuti yoyote katikati. Nakala nyingine iende kwa fleshi kwenye nyumba za fotokopi karibu na chuo, kwa asiye na mega kabisa.

Picha ni tofauti. Ukiituma kama dokumenti, inabaki na ubora wake, lakini pia inabaki na alama ya mahali ilipopigwa kama simu iliiweka. Zima kwanza hiyo alama kwenye kamera, hasa picha zikipigwa nyumbani kwa watu.

Mzee wa Bel-Air

Kwa vilivyo vya umma kabisa kuna Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996. Inategemea sana michango, haina matangazo wala kusubiri, na hutoa torenti, njia ya kupakua faili kipande kwa kipande, hivyo upakuaji uliokatika unaendelea. Ila ukiweka pale, dunia nzima inasoma.

Fundi wa Ruashi

Na hapo tunagonga ukuta, Mzee: silabusi. Profesa anayeuza silabusi yake hatakubali iwekwe wazi hivyo, na kamati ikiiweka bila ruhusa, inaweza kufutwa kwa malalamiko popote ilipo. Kwa picha na taarifa za chama nimekubali tuhame. Kwa silabusi, ruhusa ya profesa iombwe kwa maandishi kabla ya kugusa skana, na asipotoa, tugawane karatasi.