Bata mzinga wa porini, naanza kuwatafuta wapi?

mgeni_wa_msitu: Wadau habari zenu, niko Missouri, Marekani, leseni ninayo na kozi ya uwindaji nimemaliza, Aprili naingia kuwinda mara ya kwanza, kwenye msitu wa Mark Twain National Forest. Wikendi 2 nimezunguka huko sijaona hata mmoja, naangalia nini jamani?

baba_Neema: Kaka usitafute ndege, tafuta alama zake. Majani yaliyopekuliwa chini ya mialoni, manyoya, vumbi walilogaragara, na kinyesi, cha dume kimepinda kama herufi J, cha jike kimejikunja kama konokono. Ukikuta kingi chini ya miti mikubwa ujue wanalala hapo juu, weka alama kwenye simu uondoke kimyakimya.

Mzee Kulungu: Nenda alfajiri kabla jua halijatoka, simama juu ya kilima usikilize tu, dume analia gugugu akiwa bado mtini, ukiiga bundi mara nyingi anajibu. Ila sauti ya jike usiiguse mpaka msimu ufunguliwe, watashtuka.

baba_Neema: Na siku ya kuwinda usivae nyekundu, nyeupe wala bluu tafadhali sana, hizo ndo rangi za kichwa cha dume, watu wamepigwa risasi hivyo.

mgeni_wa_msitu: Asanteni wakubwa, Jumamosi niko kilimani saa 11 alfajiri.