Niache kazi ya kamisheni nikasome digrii ya masoko kwa mkopo?

kamisheni_tu:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana siku za kuthibitisha chuo zinaisha. Nipo Mwanza, nina diploma ya masoko, huu mwaka wa pili natembeza sabuni na mafuta ya kula kwa msambazaji mmoja, mshahara wa msingi 300,000 afu kamisheni juu yake, mwezi mzuri nagusa 550,000, mwezi mbovu hata 350,000 kazi kuipata. Sasa nimechaguliwa digrii ya masoko miaka 3, chuo chenyewe kidogo cha binafsi, yaani ukikitaja mtu anakuuliza kiko wapi hicho. Bodi ya Mikopo wamenipa bumu (hela ya kujikimu) la 10,000 kwa siku na kipande cha ada, nikipiga hesabu nitamaliza nadaiwa kama 9m. Mzee anasema nenda mwanangu, supavaiza wangu anasema digrii ya masoko ni karatasi tu (yeye anayo). Hivi hiyo 9m inalipika kweli kwa mshahara wa kuanzia?

mtu_wa_mishahara:
Dogo mi ndo naandaaga mishahara ya watu so ngoja nikupe kitu halisi. Tuseme umetoka chuo ukapata kazi ya 500,000 ya msingi. NSSF (pensheni) 10%, inaondoka 50,000. Inabaki 450,000, hapo 270,000 ya kwanza TRA (watu wa kodi) hawaigusi, ile 180,000 inayozidi wanakula 8% yaani 14,400. Afu Bodi, 15% ya mshahara wa msingi, 75,000. Mkononi 360,600. Na 9m ukigawa kwa 75,000 ni miezi 120, miaka 10 hiyo!! Ukikutana na mkongwe anakwambia makato ya Bodi ni 8% mwambie hiyo ilikufa 2016.
Nafuu ni kwamba ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, kwaiyo deni halinenepi ukiwa umelala. Na Bodi wanakata kwenye msingi, kamisheni hawaigusi.
Ila deni siyo gharama yako kubwa. Ukiacha kazi miaka 3, weka wastani wa 450,000 mara miezi 36, ni 16.2m ambayo hautaipata. Hiyo hakuna fomu inayokuuliza.

nilimaliza_2015:
Mi nilisoma chuo cha hivyo hivyo, sikitaji. Mwalimu mmoja masomo manne, fildi nikapelekwa ofisi fulani wiki nane natoa fotokopi na kununua chapati za wakubwa. Kutoka hapo nikakaa kitaa miaka miwili na deni linaongezeka tu, enzi hizo 6% ilikuwepo na faini ya 10% juu, nilivyoiona taarifa ya deni langu nikaifunga nikaenda kuoga 😂 Kazi ya maana nilikuja kuipata kwasababu nawajua wenye maduka wa Kirumba mpaka Buzuruga kwa majina na nani analipa kwa wakati nani mbabaishaji, GPA hakuna aliyeniuliza. We hao wateja unao tayari, ukiondoka miaka 3 anawachukua mwingine.

dada_wa_tangazo:
Mdogo wangu wasikukatishe tamaa hao, mi nimekaa na diploma miaka 6. Kila Afisa Masoko akitangazwa Ajira Portal (mtandao wa ajira za serikali) wanataka digrii, sio kwamba unanyimwa usaili, mfumo haukubali hata kutuma maombi, hao wateja wa Kirumba utawaandika wapi humo? Nikaja kusoma jioni huku natoka kazini, ada kwa awamu, usingizi sikuujua ila Bodi hawanidai hata mia. CBE (chuo cha biashara) wana kampasi hapo hapo Mwanza, nenda kaulizie masomo ya jioni, na udogo wa chuo sio shida kama TCU (tume ya vyuo vikuu) wanakitambua.

kamisheni_tu:
Asanteni sana wakuu, dada umenigusa. Leo nimembana supavaiza, nikirudi na digrii mtaniongezea ngapi? Kasema kwa uzoefu wake msingi unaenda 350,000.

mtu_wa_mishahara:
Subiri. 15% ya 350,000 ni 52,500. Nyongeza 50,000. Yaani usome miaka 3 uje ubebe pungufu ya unachobeba leo??

nilimaliza_2015:
😂😂😂 na NSSF bado

kamisheni_tu:
Nimecheka ila inauma. Basi jumatatu nikimaliza ruti ya Igoma napita CBE kuulizia hayo ya jioni. Dada, awamu ya kwanza we walikuanzisha na ngapi, maana kwa sasa nina laki tatu na nusu tu kwenye kibubu?

dada_wa_tangazo:
Mi nilianza na nusu ya ada ya muhula, ila niliwaandikia barua kwanza. Njoo inboksi nikutumie nilivyoiandika.