Tupeane uzoefu: Mchungaji kapewa barua ya uhamisho, familia inahamaje?

Mleta mada
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Barua za uhamisho zikishatoka, kuna nyumba inayofungasha usiku na mchana na bado inasahau nusu ya mambo. Uzi huu ni wa wanaoijua shughuli yenyewe: wachungaji, wenzi wao, wazee wa kanisa, madereva. Habari za nani alimkosea nani tuziache. Leteni hatua, vipimo na yale yanayoharibika. Naongelea sharika za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kwa kuwa wengi humu ndiko waliko. Wa makanisa mengine badilisheni vyeo tu.

Katibu wa usharika
Anzeni na vitabu, vyombo vya ndani baadaye. Makabidhiano yafanyike kabla ya ibada ya kuaga. Baada ya ibada kuna pilau, zawadi na picha, hakuna atakayekaa kuhesabu kitu. Awepo anayeondoka, anayeingia au Mkuu wa Jimbo kwa niaba yake, katibu na mtunza hazina. Orodha isainiwe nakala tatu: ya usharika, ya jimbo na ya anayeondoka. Hiyo ya tatu ndiyo husahaulika, na ndiyo itakayomtetea mchungaji akipigiwa simu mwakani kuulizwa stola ya zambarau (kitambaa cha shingoni cha ibada) iko wapi.

Kwa vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo, andikeni namba ya mwisho iliyojazwa. Watoto waliobatizwa kule mitaani (vituo vidogo vya usharika), majina yakabaki kwenye kikaratasi ndani ya Biblia ya mwinjilisti, waingizwe kitabuni kabla mchungaji hajaondoka. Mtoto akifika kipaimara ataombwa cheti, na aliyembatiza atakuwa mkoa mwingine.

Kwenye ndoa ndiko kuna mtego. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21, nasi kanisani tunatangaza Jumapili tatu. Mchungaji akiondoka katikati, mgeni hajui kama wachumba wametangazwa mara moja au mbili. Andikeni kila jozi, tarehe zilizokwisha kutangazwa, na kama kuna pingamizi. Vyeti vya ndoa vina namba za mfululizo, kwa hiyo hesabuni vilivyotumika, vilivyobaki na vilivyoharibika. Kilichoharibika kikatwe mstari na kibaki kitabuni, kisichanwe.

Mtunza hazina
Naongeza upande wa benki. Kubadili watia saini kunahitaji muhtasari wa Baraza la Wazee unaotaja anayetoka na anayeingia kwa majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka ngazi ya juu, na wahusika wenyewe kufika tawini. Jina likitofautiana hata herufi moja, fomu zinarudi. Mkichelewa, fedha za usharika zinakwama na fundi wa bati yuko mlangoni.

Halafu kuna ile njia ya mkato ya kumwomba anayeondoka asaini hundi tupu "za dharura". Msikubali, na yeye asikubali. Masurufu yote (fedha alizotangulia kupewa za matumizi) yarejeshwe na risiti zake, na madeni ya usharika yaandikwe hata yale ya mdomo: turubai la msiba, vipaza sauti vya mkutano wa injili, mchanga wa lori moja. Yasipoandikwa, mgeni atadaiwa wiki ya kwanza na hatakuwa na pa kuuliza.

Mzee wa kanisa
Nyumba ya mchungaji ikaguliwe mara mbili, siku wanayotoka na siku mgeni anapokabidhiwa, na mtu yule yule kwa daftari lile lile. Msiangalie rangi ya ukuta kwanza. Fungua koki zote kwa pamoja uone presha. Mwaga ndoo mbili chooni mfululizo. Maji yakipanda na kushuka taratibu, shimo limejaa au bomba limeziba, na hilo ni la kumaliza nyumba ikiwa tupu. Gonga fremu za milango kwa chini. Ikisikika tupu, mchwa wameshakula ndani, rangi tu ndiyo inaishikilia. Piga picha namba ya mita ya LUKU na uniti zilizobaki. Kama mita inakata deni la nyuma kwenye kila ununuzi, lijulikane ni la nani.

Vitasa vibadilishwe. Simsemi mtu vibaya. Nyumba ya kanisa ina funguo kwa mlinzi, kwa mwenyekiti wa akina mama, kwa mwanakwaya aliyewahi kutunza spika, na hakuna anayekumbuka ngapi.

Sasa shamba. Barua inakuja mahindi yakiwa magotini. Aliyelima anaona ni yake, anayeingia anakuta shamba limejaa na hana pa kupanda. Ardhi ni ya kanisa, lakini mbegu, mbolea na vibarua vimetoka mfukoni mwa aliyeondoka. Kinachofaa ni mawili: avune yeye msimu huo, au usharika umrudishie gharama kwa risiti na zao liwe la anayeingia. Kugawana nusu kwa nusu kunaonekana ni upole, ila mavuno yanapofika mmoja yuko kilomita 400 na hana wa kumwamini kwenye kupima magunia.

Mama Mchungaji
Mzee, hapo kwenye shamba umesema kweli, lakini ongeza na migomba na mti wa parachichi. Vya kudumu vinabaki na nyumba, visiingie kwenye hesabu. Ukianza kudai miti, mtagombana hadi maua ya ukutani.

Mimi niseme ya watoto. Siku hizi uhamisho wa mwanafunzi haumaliziki kwa barua peke yake, lazima taarifa zake zihamishwe kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, na shule anayotoka ndiyo inayoanzisha. Wengi hubeba barua, mtoto anapokelewa na anakaa darasani, kisha wakati wa kusajili mtihani wa darasa la nne au la saba jina linaonekana bado kule. Chukua namba yake ya PReM, iandike nyuma ya daftari la kliniki au popote usipoweza kuipoteza. Aliyekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne mwacheni amalizie pale pale, atafutiwe bweni au familia ya msharika. Wa kidato cha tano ulizeni kwanza kama shule mpya ina tahasusi yake (mchanganyiko wa masomo).

Mwenzi akiwa mtumishi wa serikali, tuseme mwalimu au nesi, ombi la kumfuata mwenza linapitia kwa mwajiri, na cheti cha ndoa na barua ya uhamisho ya mchungaji vinaambatishwa. Ukiomba mwenyewe hakuna posho ya uhamisho, kwa hiyo gharama mnabeba wenyewe. Kama yuko kwenye kikoba, asubiri mgao au alipe mkopo na achukue hisa zake mbele ya kikundi. Kuondoka na deni la kikoba kunamfuata mume wake hadi madhabahuni.

Na hali ya hewa jamani! Anayetoka Njombe kwenda Tanga abebe vyandarua kwenye kapu la usiku wa kwanza. Watoto waliokulia baridini hawana mazoea na malaria, homa ya wiki za kwanza isichukuliwe kuwa uchovu wa safari. Mwenye presha au kisukari apewe dawa za kumtosha miezi miwili.

Dereva wa Fuso
Nyumba ya vyumba vitatu inaingia Fuso moja. Canter itawalazimu safari mbili, au kuacha meza kanisani "tutairudia", na hiyo haitarudiwa.

Friji izimwe siku moja kabla, barafu iyeyuke, ikaushwe. Isimame wima nyuma ya kabini, ifungwe kwa kamba, na blanketi liwekwe kati yake na bodi. Mkifika msiiwashe haraka: subirini muda wa saa nne, na kama ililazwa njiani subirini siku nzima, maana mafuta ya kompresa yanakuwa yamehama. Mtungi wa gesi funga valvu, toa regulata, usimamishe wima mahali penye hewa. Usilazwe, usiingie kabini.

Vizito mbele, magodoro yabane vioo na televisheni, na vya usiku wa kwanza vipakiwe mwisho: godoro moja, ndoo, sufuria, mchele, jiko, balbu mbili. Boliti za kila kitanda ziwe kwenye mfuko wake, mfuko ufungwe kwenye ubao wa kitanda hicho hicho. Zikichanganywa kwenye kopo moja, mtalala chini. Pimeni pia milango ya nyumba mpya kabla ya kupakia. Sofa la watu watatu haliingii kila mlango, na nyumba nyingine za zamani kona ya korido ndiyo inayokataa.

Mahindi ya chakula bebeni bila hofu. Tangu bajeti ya 2017/18 mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru yakivuka halmashauri, yaani hadi magunia kumi ya kilo 100. Nakala ya barua ya uhamisho ikae kabini, inafupisha maelezo kwenye vizuizi.

Mleta mada
Dereva, na kuku?

Dereva wa Fuso
Ng'ombe na mbuzi wanataka kibali cha daktari wa mifugo. Ya kuku, waulize akina mama.

Mama Mchungaji
Chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, angalau wiki mbili kabla ya safari. Siku ya kuondoka wapewe maji tu, wasafiri usiku kwenye matenga yasiyojazana. Mkifika wafungieni bandani wiki nzima, chakula na maji ndani. Ukiwafungulia siku ya pili hawajajua kwao ni wapi, jioni utawakuta kwa jirani, na bado hamjajuana naye.